Elimu ya Uraia: Bunduki ya Polisi Ina Hesabu Yake

Risasi inapofyatuliwa katika wizi wa mifugo au ujambazi, swali la kwanza huwa ni nani aliyefyatua. Swali la pili, ambalo husahaulika mara nyingi, ni risasi hiyo ilitoka wapi. Somo hili linaeleza jinsi sheria inavyomtaka afisa wa polisi kulijibu swali hilo la pili.

Sheria inasema nini kuhusu mauzo?

Nchini Kenya, uuzaji wa bunduki unaongozwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Raia haruhusiwi kununua wala kumiliki bunduki au risasi bila cheti. Muuzaji naye ni lazima awe amesajiliwa, na aweke daftari la kila anachouza.

Afisa wa polisi hahitaji cheti hicho kwa silaha anayopewa kazini. Wengine hudhani kwamba kwa sababu hiyo sheria haimgusi. Sivyo. Ruhusa yake ni ya kazi tu. Bunduki ni mali ya Serikali, na afisa hana haki ya kuiuza, kuikodisha wala kumwazima mtu. Akifanya hivyo, anaweza kushtakiwa mahakamani kama raia mwingine yeyote, mbali na kuadhibiwa kazini.

Hesabu ya kila risasi

Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka wa 2011, katika Jedwali la Sita, inataka pawe na utaratibu wa kuhifadhi na kutoa silaha utakaohakikisha kila afisa anawajibika kwa bunduki na risasi alizopewa. Kwa mfano, afisa akiondoka kituoni na risasi 30 na kurudi na 24, ni lazima aeleze zile 6 zilikokwenda.

Jedwali hilo pia linamtaka afisa aripoti kwa mkubwa wake mara moja kila anapotumia bunduki, hata kama hakuna aliyejeruhiwa. Mtu akiuawa au akijeruhiwa vibaya, mkubwa huyo ni lazima aiarifu mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, yaani IPOA. Kwa hivyo afisa aliyeuza risasi hawezi kujitetea tu kwamba alizifyatua hewani. Ataulizwa: ripoti iko wapi?

Hasara ya hesabu mbovu

Mwaka wa 2008, shirika la Small Arms Survey lilichapisha utafiti kuhusu risasi haramu Turkana Kaskazini. Lilikadiria kwamba karibu nusu ya risasi hizo zilitoka kwa polisi. Nyingi zilikuwa na alama za kiwanda cha Serikali kilichoko Eldoret. Wakazi walipewa ili wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka ng'ambo ya mpaka. Lakini risasi ikishatoka nje ya daftari, haina mwenyewe. Iliyotolewa kulinda ng'ombe wa boma moja yaweza kutumiwa kuiba wa boma la pili.

Mkazi afanye nini?

1. Asinunue wala kupokea bunduki au risasi kwa afisa yeyote. Mnunuzi pia ana hatia.

2. Akiona silaha au risasi zilizotupwa, asiziguse. Amjulishe chifu au kituo cha polisi.

3. Akishuku kwamba afisa anauza au kukodisha silaha, apige ripoti IPOA kwa nambari 1559 bila malipo. Malalamiko yanaweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi, na mlalamishi anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Afisa wa polisi pia anaweza kumripoti mwenzake.

4. Asijaribu kumfuatilia mshukiwa mwenyewe. Aeleze alichoona, mahali, siku na saa.

Maswali ya kujadiliwa barazani

Kwa nini afisa aripoti hata risasi ambayo haikumjeruhi mtu? Je, wakazi wa kijiji hiki wanajua pa kupeleka ripoti iwapo anayeshukiwa ni afisa wa kituo cha karibu?