Uuze Nini Mtandaoni? Anza na Bidhaa Isiyogombaniwa

Fungua kurasa za wauzaji wa Kilifi, Malindi au Mtwapa kwenye Facebook na utakutana na vitu vitatu kabla hujasogea mbali: madera, kava za simu na spika za masikioni. Picha ni zile zile, nyingi zimetoka kwa muuzaji wa jumla mmoja, na bei zinapishana kwa shilingi 20 au 50. Mteja anayeuliza "mwisho ngapi?" hajali jina la duka lako. Anatafuta atakayeshuka zaidi, akimpata anahama.

Kwa aliyekopa mtaji, jambo hili ni zito. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, ulipozinduliwa Novemba 30, 2022, ulipangiwa kulipwa ndani ya siku 14. Ukinunua katoni ya spika kwa pesa za namna hiyo na zikakaa kabatini wiki tatu, deni linakuwa limeiva kabla hujaona faida. Kwa hivyo somo la toleo hili halitagusa namna ya kufungua ukurasa wala kupiga picha. Litakaa kwenye uamuzi unaotangulia hayo yote, nao ni bidhaa gani utaiuza.

Unachotafuta ni bidhaa yenye wauzaji wachache na wanunuzi wa kweli. Wengi husikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo na kuisahau ya pili.

Hesabu kwanza

Tuchukue bidhaa mbili na tuzipigie hesabu. Bei hizi ni za mfano. Weka za kwako.

Spika za masikioni unanunua kwa Sh200 na kuuza Sh250, kwa sababu jirani yako anauza Sh260 na mwingine Sh255. Ukitoa Sh40 za tangazo kwa kila moja inayouzwa, umebaki na Sh10. Ili upate Sh9,900 kwa mwezi, lazima uuze spika 990.

Sasa chukua mbuzi ya nazi. Fundi seremala wa Kaloleni anakuuzia kwa Sh450. Sanduku la kuifungia ni Sh50, tangazo Sh80, na unatenga Sh40 kwa zile zitakazovunjika njiani au kurudishwa. Jumla ni Sh620. Ukimuuzia mteja wa Nairobi kwa Sh950, naye akajilipia nauli ya kifurushi kwenye basi, unabaki na Sh330. Zile Sh9,900 zinapatikana kwa kuuza mbuzi 30, yaani moja kwa siku.

Kwetu hapa nani atanunua mbuzi ya nazi mtandaoni? Karibu hakuna, kwa kuwa kila nyumba inayo au inaazima kwa jirani. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa, na wanakosea. Duka la mtandaoni halimuuzii jirani. Linamuuzia mtu wa Pwani aliyehamia Nairobi, Nakuru au Eldoret, aliyechoka na tui la kopo, na ambaye akizunguka soko la mtaani kwake haoni mbuzi. Kitu kinachodharauliwa Rabai kwa wingi wake kinaweza kuwa adimu mno Kasarani. Kifumbu cha kuchujia tui, kawa ya kufunikia chakula, upawa wa kifuu na mkeka wa ukili viko kwenye kundi hilo hilo, na vyote vinatengenezwa na wenzetu wa kaunti hii, ambayo pamoja na Kwale inaongoza nchini kwa minazi na mikorosho.

Namna ya kuwahesabu wauzaji

Ushindani haupimwi kwa kubahatisha. Ingia Jumia, Jiji na sehemu ya soko ya Facebook, andika jina la bidhaa, kisha hesabu wauzaji wala si matangazo. Muuzaji mmoja anaweza kuweka tangazo moja mara kumi, na picha moja inaweza kuzunguka kwa watu kumi wanaochukua mzigo kwa mtu mmoja. Tafuta kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana mteja wa mjini huandika chochote kinachomjia kwanza.

Ukishapata idadi, fungua maduka matano ya juu. Tazama tarehe ya tangazo la mwisho. Soma maoni ya wateja, hasa ya wale walionung'unika: "nimeletewa ndogo", "haikufika", "rangi si ile ya kwenye picha". Malalamiko hayo ni dhahabu. Soko lenye wauzaji 15 wanaolalamikiwa wote kwamba hawajibu ujumbe linaweza kuwa jepesi kwako kuliko soko lenye wauzaji watatu wanaosifiwa.

Kuna pia Google Trends, chombo cha bure kinachoonyesha kama watu wanalitafuta neno fulani zaidi au kidogo kuliko zamani, na unaweza kukiwekea Kenya peke yake. Kinafaa kwa bidhaa kubwa kubwa na kwa kujua misimu. Kwa kitu kama kifumbu mara nyingi hakitakuonyesha chochote, kwa sababu wanaokitafuta ni wachache. Usiitupe bidhaa kwa sababu hiyo tu.

Kwa nini hakuna anayeiuza?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wapya hulikwepa. Ukikuta bidhaa haina mshindani hata mmoja, usishangilie upesi. Jiulize kwanza sababu.

Huenda hakuna anayeitaka. Huenda inatakiwa lakini kuisafirisha kunakula faida yote: chungu cha udongo ni kizuri na hakipatikani kwa urahisi mijini, ila kina uzito na hupasuka. Anayetaka kuuza vyungu kwa njia hii ajaribu kwanza kutuma kimoja kwa jamaa yake na kuona kitafikaje. Maembe mabichi nayo, pamoja na utamu wake wote, hayangoji basi lililoharibika Mtito Andei.

Au huenda sheria inakataza. Hapa kwetu kando ya bahari tunalazimika kulitaja wazi. Magamba ya kasa na kitu chochote kilichotengenezwa kwayo ni marufuku kuuza chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013. Anayewazia makombe na matumbawe naye asiweke picha hata moja kabla ya kuuliza Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Korosho ghafi haziruhusiwi kusafirishwa nje ya nchi bila idhini ya Waziri wa Kilimo. Zilizobanguliwa na kukaangwa ni habari nyingine. Viatu na mikoba yenye nembo bandia ya kampuni maarufu huangukia Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008, hata kama wewe umenunua tu na kuuza.

Vyakula na vipodozi vina mlango wao. Mafuta ya nazi, achari, korosho za paketi na asali huhitaji alama ya ubora ya KEBS pamoja na kibali cha biashara na cheti cha afya. Wengi huona huo ni mzigo na kuacha. Tunashauri uutazame kwa upande wa pili: kila sharti linalowakatisha wengine tamaa linapunguza idadi ya utakaoshindana nao. Muuzaji wa mafuta ya nazi mwenye alama ya KEBS kwenye chupa hashindani na anayejaza chupa za maji zilizotumika, na mteja wa mbali asiyekujua ana sababu ya kukuamini.

Punguza, usihame

Si lazima ukimbilie kitu ambacho hakijawahi kuuzwa. Mara nyingi inatosha kuipunguza bidhaa iliyozoeleka mpaka imfae mtu mmoja maalumu.

Chukua leso. Wauzaji ni wengi kuliko mchanga, na bei inajulikana. Lakini leso huuzwa jozi ikiwa haijakatwa wala kupindwa. Mama wa Mombasa atampa fundi wa pembeni mwa duka; dada anayeishi Thika itabidi amsake fundi, amngoje, na pengine aletewe pindo lililopotoka. Anayeuza leso zilizokwisha kukatwa na kupindwa, zikafika tayari kuvaliwa, amewaacha nyuma wauzaji wengi kwa kazi ya nusu saa ya cherehani. Halafu kuna jina. Kila mtu wa Pwani anajua kuwa leso huchaguliwa kwa jina lake, ama la kumpongeza bibi harusi, ama la kumshukuru mama, ama la kumrushia mtu kijembe (soko la hilo la mwisho halijawahi kukauka). Hata hivyo kurasa nyingi huonyesha rangi tu na kuliacha jina ndani ya mkunjo. Ukizipanga leso zako kwa majina na kuyaandika kwa maneno chini ya kila picha, anayetafuta ya kumpa mama mkwe ataipata kwako.

Kikapu cha ukili ni vivyo hivyo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ipigwe marufuku Agosti 2017, vikapu vya sokoni vimekuwa vingi. Vyenye mfuniko na vipimo vya kutosha nguo chafu za familia, au vidogo vya kupandia maua sebuleni, bado si vingi, na fundi wa ukili anaweza kukusukia ukimpelekea vipimo.

Jaribu kabla ya kununua mzigo

Nunua vitatu, si thelathini. Piga picha zako mwenyewe, andika bei, weka kwenye status ya WhatsApp na kwenye makundi mawili ya Facebook ya watu wa mji unaoulenga, kwa wiki mbili. Weka daftari lenye safu tatu: walioipenda picha, waliouliza bei, waliolipa. Safu ya kwanza haikulipii mkopo. Ukipata watu 20 waliouliza bei na hakuna aliyelipa, tatizo ni bei au nauli ya kifurushi. Waulize, watakuambia bila kuficha. Kama hakuna aliyeuliza kabisa, badilisha bidhaa na utakuwa umepoteza pesa ya vitu vitatu tu.

Tazama pia kalenda. Vyombo vya tui na kawa huulizwa zaidi Ramadhani inapokaribia, na muuzaji anayeanza kumtafuta fundi wakati mwezi umeshaandama amechelewa. Maembe yaliyokaushwa yanategemea msimu mkubwa wa maembe Pwani, unaoanza mwishoni mwa mwaka. Ukausha wakati huo, unauza miezi ambayo wengine hawana.

Jua pia kwamba ukifanikiwa utaigwa. Kitu kinachopatikana Kamukunji au Eastleigh kwa yeyote mwenye nauli kitaigwa ndani ya mwezi. Kinachotegemea fundi unayemfahamu, anayekupa kazi safi kwa sababu unamlipa kwa wakati na hukopi, kitachukua muda zaidi kuigwa. Mafundi wengi wa ukili na seremala wa vijijini hawako mtandaoni, na hiyo ndiyo nafasi yako. Kubalianeni bei kwa maandishi, hata iwe kwa ujumbe wa simu, na msikilizane ni vipande vingapi anaweza kutoa kwa wiki. Oda 40 kwa fundi anayetengeneza sita kwa wiki zitakuletea maneno makali kwenye ukurasa wako.

Aliyefanya jaribio la wiki mbili na sasa anahitaji kibali cha biashara, au anataka kujua bidhaa yake inahitaji alama gani ya ubora, afike kwa afisa wa biashara wa kaunti ndogo yake akiwa na kitambulisho, sampuli ya bidhaa na lile daftari la safu tatu. Wenye vyakula waje pia na maelezo ya mahali wanapovitengenezea, kwani afisa wa afya ya umma huanza na swali hilo.