Kufundisha Utafutaji wa Majina katika Daftari Kubwa

Daftari la uandikishaji la shule ya msingi hupangwa kwa namba, kwa kufuata siku mtoto alipoandikishwa. Mpango huo ni mwepesi kwa mwandishi, lakini ni mzito kwa mtafutaji. Mtu mzima akija kuomba uthibitisho kwamba alisoma hapo, naye hakumbuki namba wala mwaka, mwalimu hana budi kusoma jina moja baada ya jingine. Katika majina 1,000, kwa wastani atasoma 500 hivi. Mwombaji aliyetoka mbali huambiwa arudi kesho.

Dawa yake ni faharasa, yaani orodha ya pili iliyopangwa kwa alfabeti, yenye jina na namba ya daftari tu. Kwa Darasa la Tano katika shule za hapa Mlandege, mjini Iringa, tunapendekeza hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza: Tuandike majina 64 ya ukoo katika vipande vya karatasi na kuvichanganya. Mtoto mmoja atafute jina, wenzake wahesabu vipande alivyosoma.

Hatua ya pili: Vipande vipangwe kwa alfabeti. Mtoto asome cha katikati, kisha aache nusu isiyohusika, na kuendelea hivyo. Hatasoma zaidi ya vipande 7. Kwa majina 1,000 vingetosha 10.

Hatua ya tatu: Tuonyeshe mipaka ya faharasa. Katika Nyanda za Juu Kusini, hasa Mbeya, majina mengi ya ukoo huanza na Mwa-, kama Mwakalinga, Mwakyusa na Mwambene. Tukigawa kurasa kwa herufi ya kwanza tu, ukurasa wa M utafurika na mingine itabaki mitupu. Hapo tugawe kuanzia herufi ya nne. Tena, anayejua jina la kwanza tu hasaidiwi na faharasa ya ukoo. Huhitaji faharasa nyingine. Lakini kila faharasa huongeza kazi, kwani mtoto mpya lazima aandikwe katika zote.

Kompyuta yenye kumbukumbu milioni nyingi hufuata kanuni hiyo hiyo. Isipotengenezewa faharasa, husoma kila mstari.

Zoezi: Wanafunzi watengeneze faharasa ya darasa lao, kisha waeleze ni swali gani haiwezi kulijibu upesi, na kwa nini.