Somo kwa Wafanyakazi wa Ofisini: Kujiandaa kwa Usaili wa Katibu Muhtasi



Wenzetu wengi wa Uganda wana vyeti vizuri vya ukatibu, lakini huanguka katika usaili kwa kutojiandaa. Basi tujifunze pamoja.

1. Ijue kazi. Katibu muhtasi wa mkurugenzi si mpiga chapa tu. Hupanga miadi, huandika kumbukumbu za mikutano, hupokea wageni na simu, na hutunza majalada ya siri. Soma tangazo mstari kwa mstari. Kando ya kila sharti andika kazi moja uliyokwisha kuifanya inayolithibitisha.

2. Fanya mazoezi. Mwombe mwenzako akuulize: “Mkurugenzi yuko mkutanoni. Wizara inapiga simu, na mgeni mwenye miadi ya saa nne amefika. Utafanyaje?” Usijibu, “Nitajitahidi.” Taja hatua: mgeni nitamkaribisha aketi, simu nitaipokea na kuandika ujumbe, kisha nitampelekea mkurugenzi kikaratasi aamue mwenyewe.

3. Tunza siri. Ukiulizwa mambo ya ndani ya mwajiri wako wa zamani, kataa kwa adabu. Huenda swali hilo ndilo mtihani wenyewe.

4. Jua haki zako. Akina dada huulizwa kama wameolewa au watazaa lini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza ubaguzi wa jinsia, dini, rangi, ulemavu na hali ya VVU. Jibu kwa utulivu: “Kazi hii naiweza, na saa zake nitazitimiza.” Akitokea mtu kukuita hotelini jioni kwa “usaili wa pili”, usiende. Andika jina lake, siku, saa na maneno aliyosema, ulete taarifa chamani. Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2023, unawahesabu hata waombaji kazi miongoni mwa wanaolindwa dhidi ya unyanyasaji.

5. Uliza nawe. Mshahara ni kiasi gani? Saa za ziada hulipwaje? Sheria hiyohiyo imeweka saa 48 kwa wiki kuwa kiwango cha juu cha kawaida. Omba masharti kwa maandishi.

Zoezi la tawi: Wawili wawili, mmoja awe msaili na mwingine mwombaji. Rudieni swali la sehemu ya 2 na lile la ndoa katika sehemu ya 4, kisha badilishaneni nafasi. Wengine wasikilize na kusahihisha.