Jicho la Mtoto Likimetameta Kama la Paka

Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama kule Kangemi, mama mmoja alitueleza: "Jicho la mtoto wangu lilikuwa linametameta usiku." Mama mkwe alisema mtoto amerogwa. Majirani wakasema ni laana ya ukoo wa mama. Miezi ikapita. Walipofika hospitali, jicho lilikuwa limeharibika, ikabidi litolewe. Mtoto yuko hai, tunashukuru.

Ugonjwa huu ni retinoblastoma, yaani kansa ya jicho. Huwapata hasa watoto wa chini ya miaka 5.

Unatoka wapi?

Ndani ya kila seli ya mwili kuna jeni, yaani maagizo tunayorithi kwa wazazi. Jeni iitwayo RB1 ni kama breki ya matatu: huzuia seli zisizaane ovyo. Tuna breki 2, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikikatika, ya pili bado inashika. Zote 2 zikikatika, uvimbe huanza. Daktari Alfred Knudson wa Marekani alieleza jambo hili mwaka 1971, na mwaka 1986 jeni yenyewe ikapatikana.

Watoto wengine huzaliwa na breki moja mbovu tayari. Hao mara nyingi huugua macho yote 2. Mzazi mwenye jeni hiyo, awe baba au mama, anaweza kumpa mtoto. Kila mimba ni nusu kwa nusu. Lakini watoto walio wengi hawakurithi, ilitokea tu. Basi tusimlaumu mama.

Tufanye nini?

1. Tuangalie macho ya watoto. Weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu, au makengeza, ni dalili.
2. Tusingoje. Twende kliniki, tuombe barua ya kumwona daktari wa macho, kama vile Kenyatta au Kikuyu. Kansa ikiwahiwa hutibika. Ikichelewa huingia ubongoni.
3. Ndugu zake wapimwe pia, na mtoto atakayezaliwa apimwe tangu wiki za kwanza.
4. Kikundi kiweke akiba ya nauli. Matibabu ni safari nyingi.

Maswali ya kujadiliana

- Hapa kwetu, mtoto akiugua jicho tunamwendea nani kwanza? Kwa nini?
- Kikundi chetu kitamsaidiaje mama anayelaumiwa?