Makohozi Yasiyoonyesha Vidudu

Mgonjwa wa kikohozi akiambiwa kwamba makohozi yake hayana vidudu vya kifua kikuu, jamaa zake hufurahi, nao humrudisha nyumbani. Lakini kwa mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofishwa na virusi vya UKIMWI yafaa kungoja kwanza, maana kwake jibu hilo laweza kuwa kweli, tena laweza kuwa pazia tu.

Sababu ni hii. Robert Koch wa Ujerumani alitangaza habari za kidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na tangu hapo darubini imekuwa jicho la waganga. Jicho hilo lataka vidudu vingi, kama 10,000 katika mililita moja ya makohozi, ndipo mpimaji avione. Wingi huo watoka wapi? Watoka katika mashimo ya mapafu. Na mashimo hayo, jambo la kustaajabisha, hayafanywi na vidudu peke yao, bali hutokea vitani, mwili wenyewe ukipigana navyo. Mwili uliopungukiwa na askari haupigani sana. Kwa hiyo mashimo ni machache, na vidudu havitoki kwa wingi. Vyaenea kimya kimya katika tezi, na katika utando wa mapafu, wa moyo, hata wa ubongo. Picha ya kifua nayo yaweza kuonekana safi. Hata sindano ya ngozi haivimbi, kwa kuwa uvimbe ule ni kazi ya kinga ile ile iliyopungua. Basi aliye hatarini kuliko wote ndiye aonekanaye safi kuliko wote.

Hapa Songea baridi ya Juni na Julai huleta kikohozi katika nyumba nyingi, nani atakipambanua? Desturi ya kungoja majuma mawili haimfai mwenye virusi. Yeye huulizwa mambo manne: kikohozi cha siku yo yote, homa, kukonda, na jasho la usiku. Likiwapo hata moja, apimwe.

Vipimo vipya vipo. Mwezi wa Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani lilikubali mashine iitwayo GeneXpert, itoayo jibu kwa muda wa saa mbili hivi, nayo hutosheka na vidudu mia na kidogo tu katika mililita. Tangu 2015 kipo pia kipimo cha mkojo, kimfaacho asiyeweza kutoa makohozi. Hicho huona vema zaidi kadiri kinga ilivyopungua. Lakini kisipoona kitu, shauri halijaisha.

Mwalimu azuruye wagonjwa, akimkuta aliyepimwa naye azidi kukonda, amhimize arudi, kama ni hospitali ya mkoa mjini au Peramiho, aeleze alipimwa lini na kwa kipimo gani. Daktari aweza kuanzisha dawa kwa dalili tu, nazo hutolewa bila malipo katika Tanzania.

Tena wako waanzao dawa za virusi, na baada ya majuma machache hushikwa na homa, tezi zikavimba. Majirani husema dawa zimemdhuru. Kumbe askari wamerudi, wakamwona adui aliyekuwa amejificha mle ndani siku zote! Mtu huyo asiziache dawa zake. Aende upesi akapimwe kifua kikuu mara ya pili.