SOMO: LORI LIKIZIMA GHAFLA MLIMANI



Lori litokalo Kigali kwenda Musanze hupanda mlima wa Shyorongi. Likizima hapo, waliopakiwa nyuma wamo hatarini, na baadaye dereva huulizwa ameharibu nini. Kwa hiyo somo letu linawahusu dereva, utingo na abiria.

Kwanza, usalama. Injini ikizima, usukani huwa mzito, na breki hubaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu. Usizipigepige. Kanyaga mara moja kwa nguvu, peleka gari kando, vuta breki ya mkono. Usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, maana usukani waweza kujifunga. Utingo aweke jiwe kwenye gurudumu, upande wa mteremko, na pembetatu barabarani. Rwanda magari hupita kulia, basi watu washuke upande wa kulia.

Pili, kumbuka lilivyozima. Injini ikikatika mara moja kama taa iliyopulizwa, shuku umeme. Ikikohoa, ikapungua nguvu, kisha ikafa, shuku mafuta. Hiyo ni dalili, si hukumu.

Tatu, jaribu kuwasha. Taa zikififia na starta ikigonga tu bila kuzungusha, tazama vichwa vya betri kama vimelegea au vimeota kutu, kisha waya unaotoka betri kwenda kwenye chasisi. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile. Usiunge kwa waya wa kawaida. Gari laweza kuwaka moto.

Starta ikizungusha vizuri na injini isiwake, tafuta mafuta. Yamo tangini? Geji huweza kudanganya. Chujio limeziba? Katika dizeli, maji hukaa chini ya chujio na hutolewa kwa kulegeza skrubu yake. Tangi likikauka, hewa huingia kwenye mabomba. Kujaza tu hakutoshi, lazima hewa itolewe kwa pampu ya mkono. Kwa petroli, tazama pia koili na waya za plagi. Usikaribishe sigara wala kiberiti.

Injini ya dizeli haina plagi za cheche, lakini nyingi zina vali ya umeme inayofungua njia ya mafuta. Waya wake ukikatika, injini hufa ghafla ingawa tangi limejaa. Wengi hufungua mabomba bure, kumbe ni waya mmoja.

Mwisho, andikeni daftarini: saa, mahali, kilomita, dalili, na kila mlichogusa. Ubovu uliouona jana uuripoti jana hiyo hiyo kwa maandishi, ubaki na nakala. Dereva akidaiwa gharama ya chujio alilokwisha kuliripoti, mjumbe wa wafanyakazi atakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Bila karatasi, tunabaki na maneno matupu mbele ya bili ya fundi.

Tunaomba kila gari liwe na daftari lake kuanzia wiki hii.