Umebadilisha diski, kompyuta imegoma kuwaka: usikubali ifomatiwe kabla ya haya

Leo tuongelee kitu kinachowapata wengi tunaouza mtandaoni kwa kompyuta za mtumba. Mashine imekuwa nzito, umeshauriwa utoe hadi diski uweke SSD. Ushauri mzuri kabisa, mimi mwenyewe nawashauri watu hivyo hivyo. Sasa diski imebadilishwa, unawasha, unakuta kioo cheusi na maandishi meupe: "No bootable device" au "Boot device not found". Oda za wiki zimo humo, picha za bidhaa zimo humo, daftari la madeni la Excel limo humo. Na fundi anakwambia, "Hii tupige tu Windows upya."

Kupiga Windows upya kutaifanya iwake, hilo kweli. Ila kufomati diski yenye kazi zako kunafuta kazi zako, na kurudisha vilivyofutwa ni gharama nyingine, tena kwenye SSD mara nyingi havirudi kabisa. Kwa hiyo kabla hujasema "sawa", elewa kwanza hayo maandishi yana maana gani.

Kompyuta ukiiwasha hairukii Windows moja kwa moja. Kwanza inaamka BIOS, ile programu ndogo iliyo kwenye ubao wenyewe. BIOS inatafuta diski. Kwenye diski inatafuta kipande kidogo chenye faili la kuwashia, na hilo faili ndo linaiita Windows. Ujumbe wa "No bootable device" unamaanisha huo mnyororo umekatika mahali. Ni kama bodaboda aliyepotea njia ya stoo: mzigo upo ndani, yeye tu hajui mlango.

Nikupe kisa. Dada mmoja jirani na duka langu anauza mashuka na mapazia kwa WhatsApp, wateja wake wengi wanalipa kidogo kidogo. Ana kompyuta ya mezani yenye diski mbili: SSD yenye Windows, na hadi diski kubwa ya kuhifadhia. Ile hadi diski ikaanza kupiga kelele, fundi akaitoa, akaweka nyingine. Kompyuta ikagoma. Fundi akasema SSD nayo imekufa, tupige upya. Orodha ya wanaodaiwa ilikuwa desktop, yaani kwenye hiyo hiyo SSD, na pesa iliyoko nje ilizidi laki tisa.

Nikamwambia dada, hebu turudishe ile diski ya zamani kwanza. Ikarudishwa, kompyuta ikawaka kama kawaida. SSD haikuwa na tatizo lolote. Kilichotokea ni kwamba siku Windows ilipowekwa, diski zote mbili zilikuwa zimechomekwa, na Windows ikaliweka faili la kuwashia kwenye hadi diski, maana kile kipande cha kuwashia kilishakuwepo huko. Ukiitoa hiyo diski, umeondoka na funguo za nyumba. Tukanakili orodha na picha kwenye flashi, tukafungua orodha kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha inasomeka, halafu ndo fundi akapiga Windows upya SSD ikiwa peke yake. Kupiga Windows sio kosa, shida ni kuianza kabla ya kunakili.

Haya, na yako je? Ukiwasha haina hata taa, au kioo ni cheusi na inapiga milio, hiyo sio habari ya diski. Ikipiga milio, mara nyingi RAM imelegea wakati wa kufungua. Zima, toa umeme, itoe uirudishe vizuri. Na kama inaandika ujumbe, chomoa kwanza flashi na memori kadi zote, maana nyingine inajaribu kuwakia kwenye flashi yako ya nyimbo. Usicheke, hutokea.

Kisha ingia BIOS. HP ni F10, Dell ni F2, Lenovo nyingi ni F2 na ThinkPad ni F1, Acer na Asus ni F2. Ubonyeze mara kwa mara tangu unapowasha. Humo ndani swali ni moja: jina la diski mpya linaonekana au halionekani?

Kama halionekani, usihangaike na Windows, tatizo ni la kushika. Kompyuta ya mezani ina waya mbili kwa kila diski, wa umeme na wa data, na mmoja ukilegea tu basi. Kwenye laptopu, diski isukume mpaka mwisho. Zile SSD ndogo nyembamba kama bigijii, za M.2, zina aina mbili zinazofanana sana: za SATA na za NVMe. Ya SATA kwa kawaida ina vipengele viwili kwenye meno, ya NVMe mara nyingi ina kimoja. Kuna laptopu zinazokubali aina moja tu, ukiweka nyingine haitaonekana hata ufanyeje. Uliza kabla ya kununua, na ukinunua omba risiti inayokuruhusu kubadilisha.

Kama inaonekana, nenda kwenye orodha ya "Boot" uipandishe juu. Halafu tazama kama imewekwa "UEFI" au "Legacy". Diski iliyopangwa kwa mtindo wa GPT huwakia UEFI, ya MBR huwakia Legacy. Hapa ndo wengi wanakwama, na kulijaribu ni rahisi: andika au piga picha ilivyokuwa, badilisha, jaribu, ikikataa rudisha.

Kitu kingine ni "SATA Mode", iwe "AHCI" au "RAID". Ikibadilika tofauti na ilivyokuwa Windows inawekwa, unapata kioo cha bluu chenye "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Inaweza kubadilika bila mtu kuigusa: zile kompyuta za mezani za zamani, betri yake ya duara, CR2032, ikiisha, ukichomoa umeme mipangilio yote inajirudia ya mwanzo. Saa na tarehe zikiwa zimerudi nyuma miaka kadhaa, hiyo betri ndo mshukiwa wa kwanza. Ni ya bei ndogo, badilisha.

Kwa waliokloni diski ya zamani kwenda mpya, mambo mawili. Mara ya kwanza kuwasha, acha mpya peke yake, ya zamani iwe nje, maana zina utambulisho mmoja na Windows inachanganyikiwa. Pili, kama alikloni C peke yake, kile kipande cha kuwashia, ambacho mara nyingi ni kama MB 100 tu, kimebaki kwenye diski ya zamani. Mwambie arudie akloni diski nzima. Na kama kipande kipo ila faili limeharibika, washa kwa flashi ya Windows ya GB 8 au zaidi, chagua "Repair your computer", kisha "Troubleshoot", kisha "Startup Repair". Hiyo haifuti mafaili yako. Kitufe cha "Install" usikiguse.

Sasa BitLocker, na hapa naomba usome taratibu. Laptopu nyingi za Windows 11 zinafunga diski kwa siri zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Ukigusa mipangilio ya BIOS, au ukiihamishia diski kompyuta nyingine, inaweza kukuomba namba ya tarakimu 48. Bila hiyo namba hakuna fundi atakayekufungulia, awe nani. Ukiwa na simu, ingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti ile ile, utaikuta kama ilihifadhiwa huko. Uitafute kabla ya kufungua skrubu hata moja, uiandike kwenye daftari. Ukiwa umenunua mashine kwa mtu na akaunti ni yake, mpigie leo.

Ukiwa unaipeleka kwa fundi, mwambie kwa maneno haya haya: "Kaka, naomba usifomati. Kwanza nionyeshe kwenye BIOS kama diski inaonekana. Mafaili yangu yanakiliwe kwanza kwenye flashi, niyafungue nione, ndo uendelee." Fundi mzuri hatakasirika. Akikuambia haiwezekani bila hata kuichomeka diski kwenye kompyuta nyingine ajaribu kuisoma, lipa gharama ya kuangalia uondoke na diski zako zote mbili.

Ile ya zamani usiiuze wala usimwachie fundi mpaka umefanya kazi wiki mbili kwenye mpya. Iandike tarehe kwa kalamu, ifunge kwenye nailoni, iweke mbali na watoto na maji.